Nzi wa kuelea anayezama: jibu kwa fundi wa Kadutu

Swali: "Salamu sana, Papa. Mimi ni fundi wa cherehani hapa Kadutu, Bukavu. Shemeji yangu anaishi Nyeri, Kenya, na kazi yake ni kuwaongoza wageni wanaovua trauti kwenye mito ya Mlima Kenya. Alinifundisha kwa video kufunga nzi bandia wa kuelea (ndoana zinazovikwa manyoya), wale wanaoiga efemera, mdudu wa mtoni mwenye mabawa. Natumia manyoya ya jogoo ninayonunua sokoni. Mkononi wanapendeza. Majini, anasema, wanalala ubavu, na baada ya kurushwa mara tatu nne wanazama. Trauti wanapanda, wanawatazama, wanarudi chini. Nimeongeza manyoya karibu mara mbili, na hali imezidi kuwa mbaya. Hapa hatuna trauti, sina pa kuwajaribia. Nakosea wapi?"

Mama fundi, nimezitazama picha zako mara nyingi. Mkono wako ni mzuri: uzi umebana, vichwa ni vidogo, jicho la ndoana liko wazi. Kuna watu wanahangaika mwaka mzima kabla ya kufika hapo. Kosa kubwa ni moja, nalo ni lile ulilolidhania kuwa dawa. Manyoya uliyoongeza ndiyo yanayowazamisha nzi wako.

Kabla hujagusa ndoana nyingine, jaza beseni maji safi. Chukua sindano ya mkono, ipake mafuta kidogo kwa vidole, ilaze juu ya kipande cha karatasi ya choo, kisha weka karatasi hiyo juu ya maji taratibu. Karatasi italowa na kuzama, sindano itabaki. Chuma ni kizito karibu mara nane kuliko maji ya ujazo uleule, na bado kimelala juu. Inama utazame kwa pembeni: maji yamebonyea chini ya sindano kama godoro chini ya mtoto. Sasa dondosha tone moja la sabuni ya maji. Sindano inakwenda chini papo hapo.

Hiyo ngozi ya maji ndiyo inayombeba nzi wako. Ndoana ni chuma, haiwezi kuelea yenyewe. Kila kinyuzi kigumu cha unyoya wa jogoo, kikiwa kikavu na kimesimama peke yake, kinakanyaga ngozi hiyo mahali pake. Vinyuzi 40 vilivyotengana ni miguu 40. Ukivibananisha vinyuzi 150 mahali palepale, vinageuka brashi ya mpaka rangi: maji yanapanda katikati yao na kukaa humo. Nzi anakuwa mzito juu, anaanguka ubavu, na ukimtoa majini humkaushi tena kwa kumpunga hewani mara mbili. Na hiyo sabuni uikumbuke. Ukifua asubuhi kisha ukakaa kufunga nzi, suuza mikono mpaka iache kuteleza.

Mimi nilijifunza hili kwa uchungu. Miaka niliyoishi Kenya nilifanya kazi katika karakana moja ya kufunga nzi, maana nchi ile imekuwa ikifunga nzi za kuuza nje kwa miongo mingi. Msimamizi wetu alitaka kola (ule mzunguko wa manyoya kwenye shina la ndoana) nene, zimejaa, kwa kuwa mteja akifungua kisanduku anaona amepewa vingi. Tulizifunga hivyo kwa mamia. Siku moja mvuvi mzee wa pale kijijini alichukua nzi wangu mmoja, akamtia kwenye gilasi ya maji, akaniambia nimtazame kutoka chini. Tangu siku ile sijafunga kola nene kwa maji ya mlimani.

Fanya vilevile nyumbani, maana hilo ndilo jibu la neno lako kwamba huna pa kuwajaribia. Chukua gilasi ya kioo isiyo na maua, ijaze maji nusu, muweke nzi juu, iinue mpaka uso wa maji upite macho yako, kisha tazama kutoka chini kwa pembeni. Utaona uso wa maji umekuwa kioo cha kujitazamia, unang'aa kama fedha, na ule mwili uliouhangaikia kwa dakika 15 hauonekani. Kinachoonekana ni vialama vya mwanga pale miguu inapobonyeza.

Trauti anaona hivyohivyo. Mwanga ukiingia majini unapinda, kwa hiyo dunia yote ya juu inamfikia samaki kupitia duara moja lililo juu ya kichwa chake, kama dirisha la mviringo kwenye dari. Nje ya duara hilo, dari ni kioo kitupu. Upana wa dirisha unafuata kina: samaki aliye sentimita 50 chini ya uso ana dirisha la sentimita 113 hivi, akipanda hadi sentimita 10, limebaki kama sentimita 23. Sasa nzi anakuja na mkondo. Kwanza trauti anaona alama za miguu kwenye kioo. Halafu ncha ya bawa inachungulia ukingoni mwa dirisha, kabla mwili haujafika, kwa sababu ya kule kupinda kwa mwanga. Mwili na rangi yake vinakuja mwisho. Kwenye mto unaokimbia samaki hana nafasi ya kungoja mpaka mwisho, anaanza kupanda kwa kuamini miguu na bawa. Kola yako nene inachora doa moja kubwa, kama la jani lililoanguka. Na nzi akilala ubavu, bawa halichungulii kabisa. Shemeji yako amekueleza sawasawa alichokiona: wanapanda kwa kuvutwa na kitu kinachoelea, wanakikosa walichokitarajia, wanarudi.

Jambo hili wenzetu walilikuta zamani. Mwingereza Frederic Halford, aliyetoa mwongozo wake wa nzi wa kuelea mwaka 1886, alivua kwenye mito ya kusini mwa Uingereza iliyo mitulivu na myeupe kama kioo. Mwaka 1890 alimpelekea Theodore Gordon wa Marekani nzi wake kadhaa. Gordon alikuwa mtu wa milima ya Catskill, jimbo la New York, ambako maji yanarukaruka juu ya mawe. Aliwapokea kwa heshima, kisha akaanza kufunga wa kwake kwa manyoya magumu, machache, akifuata wadudu wa mito yake mwenyewe. Mito ya shemeji yako ni jamaa ya mito ya Gordon.

Na mdudu mwenyewe je, umewahi kumwona? Ukipata safari ya kupanda upande wa Miti au Lwiro, simama kwenye kijito safi kinachoshuka kutoka Kahuzi, geuza jiwe, tazama chini yake. (Usimtafute katika mto Kawa, mto uliobeba taka za mji si mahali pake.) Utaona kijidudu bapa, kinakimbia kiupandeupande, kina mikia miwili au mitatu mirefu na vijani vidogo vya kupumulia ubavuni mwa tumbo. Huyo ni efemera akiwa bado mtoto. Anaishi majini kwa miezi, aina nyingine hata miaka miwili. Siku ikifika anapanda juu, anapasua ngozi, anatoka na mabawa.

Hapo ana jambo ambalo wadudu wengine wa leo hawana: akishapata mabawa, anajivua ngozi mara moja tena. Ndiyo maana efemera mmoja ana sura mbili. Akitoka tu majini mabawa yake ni ya ukungu, kama karatasi ya keki iliyopakwa mafuta, na anayasimamisha wima kama tanga la mtumbwi huku mkondo ukimchukua. Baadaye, kwa saa chache au siku moja hivi, anajivua ngozi hiyo kando ya mto, anabaki na mabawa yanayong'aa na mikia iliyorefuka. Hali chochote, maana mdomo wake haufanyi kazi tena. Anacheza hewani na wenzake, jike linataga juu ya maji, kisha linaanguka na mabawa yamefunguka pande zote kama msalaba. Wewe unayemwiga ni yule wa kwanza, mwenye tanga. Huyo anakaa juu ya maji akingoja mabawa yawe tayari, na trauti anamjua.

Wapo efemera wa maziwa pia. Yule anayeitwa Povilla adusta, wa Ziwa Victoria, hutoka kwa makundi makubwa karibu na mwezi mpevu. Nimemtaja kwa kuwa ni ajabu inayostahili kujulikana, ila hana kazi kwenye kisanduku chako.

Ulaya wavuvi wana majira yao. Mwezi wa tano na wa sita efemera mkubwa anatoka kwa wingi, na samaki wanakataa kila kisichofanana naye. Karibu na ikweta mambo yametawanyika mwaka mzima: leo wachache wa kijivu, kesho wachache wa kahawia, wadogo kwa wakubwa pamoja. Kwa hiyo, mama, usijitese na rangi. Naona kwenye picha umetafuta kijani cha aina tatu. Weka pembeni. Kijivu kinachoelekea kahawia kinatosha. Ukubwa na mkao juu ya maji ndivyo vinavyohesabika. Funga namba 14 na namba 16, basi. Na hapa uangalie, kwa sababu kazi yako inaweza kukupoteza: kwa sindano za cherehani namba 16 ni nene kuliko namba 14, kwa ndoana ni kinyume, 16 ndiyo ndogo.

Ndoana zenyewe usinunue hizi za madukani kwetu za kuvulia tilapia. Waya wake ni mnene, hakuna manyoya yatakayoubeba. Mwambie shemeji akutumie zile za waya mwembamba zilizotengenezwa kwa nzi wa kuelea. Uzi wa cherehani nao ni mnene mno kwa namba 16. Uzi wanaoutumia wafunga nzi kwa ukubwa huo ni wa denia 70 (denia ni kipimo cha unene wa uzi). Kibobini kimoja kinafunga nzi wengi sana, muombe akuwekee pamoja na ndoana. Kwa kufanyia mazoezi, chukua uzi wa kutarizi wa mashine, uzungushe kinyume cha msokoto wake mpaka ulale bapa. Uzi bapa haujengi kilima kwenye shina la ndoana. Upake buji (mshumaa) kidogo ushike.

Tuje kwa jogoo, maana hapo nina neno. Kwenye picha ya karibu naona vinyuzi vyako vina sufi mpaka karibu na ncha. Hao ni majogoo wachanga, na baadhi naamini ni manyoya ya kuku jike. Ya jike ni laini, yanakunywa maji. Yanafaa kwa nzi wa kuzama. Tafuta jogoo aliyepita mwaka mmoja, na ikiwezekana mwaka na nusu, mwenye shingo inayong'aa. Zungumza na akina mama wanaochinja kuku wa kuuza chakula. Kwao shingo ya jogoo mzee ni takataka. Chukua unyoya wa shingoni, uinue kwenye mwanga. Katikati, kando ya uti, utaona eneo jeusi lenye sufi. Pembeni vinyuzi ni kama kioo. Eneo hilo liwe jembamba. Ukunje unyoya: vinyuzi visimame kama meno ya kitana. Vigusishe kwenye mdomo wa juu: vikichoma, ni vyema. Sehemu ya chini yenye manyoya ya pamba iondoe yote, bila huruma, hata kama kinachobaki ni theluthi mbili au nusu.

Urefu pia una sheria. Ukunje unyoya kuzunguka shina la ndoana: kinyuzi kiwe mara moja na nusu hadi mara mbili ya uwazi ulio kati ya shina na ncha ya ndoana. Vyako ni mara tatu. Nzi anasimama juu ya miti kama mtu wa sarakasi, upepo mdogo tu unamwangusha. Ngozi za shingo uzioshe, uzianike kivulini, uzifunge kwenye mfuko na naftalini, la sivyo vidudu vitazila kabla yako.

Sasa muundo. Kola iliyosimama kuzunguka shina, ile unayoifunga, ni kazi nzuri, lakini kwa hali yako nataka uhamie kwenye ile ya mwavuli, ambayo manyoya yanazungushwa kulala bapa kuzunguka nguzo, yaani lile bawa lililosimama wima. Miguu inatandazwa pande zote juu ya maji, na nzi ni vigumu kulala ubavu hata akitaka.

Nguzo ifanye kwa meshi, hizihizi za kusukia nywele. Nyeupe au ya waridi. Samaki haijali, na mvuvi anaiona kwa mbali. Kifungu kiwe chembamba kama njiti ya kiberiti iliyochongwa. Kifunge theluthi moja ya shina kutoka jichoni, kisimamishe, uzungushe uzi kwenye mguu wake mara kadhaa mpaka kisimame kama kishikizo cha koti. Nguzo isizidi urefu wa shina; baadaye unaikata. Nguzo nene na ndefu ni mzigo juu ya kichwa, nayo ni sababu ya pili ya wale wako kuanguka.

Mkia ni vinyuzi sita hadi nane, vigumu, urefu sawa na shina. Usivifunge kama fagio. Anza kwa kujenga kivimbe kidogo sana cha uzi mwishoni mwa shina, kisha vifunge vikikutana nacho ili vitawanyike kushoto na kulia. Mkia uliotawanyika ni kama miguu ya nyuma ya ngalawa.

Mwili uwe mwembamba. Hapa ndipo fundi yeyote anaharibu, kwa sababu mkono unapenda kujaza. Tazama tena yule mdudu: tumbo lake ni jembamba kama uzi wa sufu. Ukitumia manyoya ya sungura, chukua yale laini ya chini, kiasi ambacho ukikiweka kwenye kiganja unajiuliza kama kipo, ukisokote kwenye uzi uliopakwa buji. Mimi napenda zaidi uti wa unyoya wa jogoo wa kahawia: kwanyua vinyuzi vyote, loweka uti majini ulainike, uzungushe kwenye shina kutoka mkiani kwenda kwenye nguzo, upake tone la verni ya kucha, uache ukauke. Unatoka na mistari ya tumbo la efemera na hauna pa kuficha maji.

Mwisho unyoya wa jogoo. Mizunguko minne, mitano kwa maji ya povu, kila mmoja chini ya uliotangulia. Najua mkono wako utataka wa sita na wa saba. Uzuie. Funga, malizia fundo chini ya manyoya nyuma ya jicho, kata nguzo. Usipunguze vinyuzi kwa mkasi kwa chini. Kinyuzi kilichokatwa kinapoteza ile ncha yake nyembamba.

Kuna nyenzo nyingine ambayo unayo karibu na huenda huijui. Bata wa nyumbani ana tezi ya mafuta juu ya mkia, na manyoya madogo yanayoizunguka Wafaransa wanayaita cul de canard. Wafunga nzi wa Jura, Uswisi, waliyatumia kabla ya wengi kuyajua. Vinyuzi vyake vinashika vipovu vya hewa, nzi anasimama juu ya maji kama aliyewekwa kwa mkono. Manyoya mawili yakisimamishwa pamoja kama bawa yanatosha, bila jogoo kabisa. Onyo moja tu: hao usiwapake mafuta yoyote, vinyuzi vitashikamana na hewa itatoka. Wa jogoo, ndiyo, vazelini kidogo. Iyeyushe kati ya vidole mpaka isionekane, kisha gusa miguu na nguzo. Ukiona weupe wa vazelini kwenye nzi, umezidisha.

Kabla ya kutuma, mdondoshe kila nzi mara kumi kwenye beseni kutoka urefu wa rula moja, sentimita 30. Akisimama wima mara nane au zaidi, anakwenda. Akisimama mara tano, tazama mkia kwanza, kisha urefu wa nguzo. Halafu muinue kwenye gilasi. Ukiona vialama vilivyotengana na katikati kivuli chembamba cha mwili, umefika. Ukiona doa, punguza mzunguko mmoja kwa yule anayefuata.

Na shemeji yako naye aulizwe, kwa heshima. Trauti anayepanda na kurudi wakati mwingine amemkataa mvuvi. Uzi ukivutwa na mkondo wenye kasi tofauti na ule unaombeba nzi, nzi anaburuzwa, anaacha nyuma yake mkunjo kama wa mtumbwi, na efemera wa kweli haendi hivyo. Nailoni nene mbele ya ndoana namba 16 inafanya vilevile. Ili umjue mwenye kosa, mfungie nzi sita tu: watatu wa mwavuli wa jogoo, watatu wa bata. Mwambie amrushe kila mmoja sehemu ileile ya mto, ahesabu mara ngapi anaelea kabla ya kuhitaji kukaushwa, na aangalie kama samaki anarudi chini nzi akiwa huru au akiwa anaburuzwa. Akuandikie hesabu hizo, nawe uniletee pamoja na nzi mmoja aliyezama, akiwa bado mbichi ndani ya kijimfuko, nimkate tuone maji yamekaa wapi.